Eko imesema aota imetanuka: jinsi ya kuikagua hiyo ripoti kabla hujalia wala hujatulia

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki. Mtu anatoka chumba cha eko, kile kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, na karatasi mkononi, anashuka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho, anakuta "aneurysm" au "dilated aorta", yaani aota imetanuka, anaingia Google, usiku halali. Mwingine ni kinyume chake, kaambiwa eko haina shida basi maumivu ya mgongo anayasingizia godoro. Wote wawili wanaweza kuwa wamepotoshwa na kipimo hichohicho kimoja. Mi kazi yangu ndo hiyo ya kushika probu, kile kifaa tunachokipitisha kifuani, kwa hiyo ntakupa yale ambayo karatasi yenyewe haisemi.

Ila kabla ya yote: kama sasa hivi una maumivu makali ya kifua au mgongo yaliyokuja ghafla, yaani ulikuwa mzima na dakika inayofuata unasikia kama unachanwa, au yameambatana na kuzimia, au mkono ama mguu mmoja kukosa nguvu, acha kusoma. Nenda emajensi saa hii hii na ukifika tamka neno aota. Muigizaji wa Marekani John Ritter alifariki tarehe 11 Septemba 2003 kwa kuchanika aota, na mwanzoni alitibiwa kama mtu wa shambulio la moyo. Dalili zinafanana sana, hata kwa madaktari.

Nadharia kidogo tu halafu tunaendelea. Aota ni ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Una shina pale kwenye valvu (mlango wa kutokea damu), kisha unapanda, unapinda chini ya shingo (huo ndo upinde), unashuka nyuma ya moyo hadi tumboni. Ukitanuka kufikia kama mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida tunauita anurizimu. Ukiwa umetanuka lakini hujafika huko ni kutanuka tu, na hapo ndo ripoti nyingi zinapochanganya watu maana mwandishi mmoja anaandika hivi na mwingine vile kwa namba ileile.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Ripoti nzima, kurasa zote. Ukurasa wa hitimisho peke yake hautoshi.
- Picha zenyewe kwenye CD au flashi. Zile karatasi za picha zinazotoka kwenye printa ndogo ya mashine zinafifia, ukiziweka kwenye gari juani baada ya muda unabaki na karatasi ya kijivu.
- Ripoti yoyote ya zamani, hata ya miaka kumi nyuma, hata CT ya kifua (zile picha za eksirei zinazokata mwili vipande) uliyofanya kwa ajili ya mapafu. Aota inaonekana humo pia.
- Urefu na uzito wako wa kweli. Upimwe, usikadirie.
- Presha yako ya siku ile ya kipimo kama iliandikwa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kununua tu duka la dawa.
- Habari za ukoo: nani alifariki ghafla, nani alikuwa mrefu kupita kiasi mwenye vidole virefu, nani alifanyiwa opareshini ya mshipa au valvu.

HATUA

1. Tafuta namba na sehemu ilipopimwa.

Neno "imetanuka" bila namba ni maoni. Kwenye jedwali la vipimo tafuta "Ao root" au "sinus", hilo ni shina, na "Asc Ao", hiyo ni ile inayopanda. Ukikuta "Ao" peke yake ujue mara nyingi ni kipimo cha mstari mmoja cha kizamani, probu inatuma mstari mmoja wa mawimbi na moyo unapanda na kushuka chini yake, kwa hiyo mstari haupiti palepale kila pigo. Kipimo cha namna hiyo huwa kinapunguza, kama milimita 2 hivi. Angalia pia kipimo ni cha sentimita au milimita. Usicheke, kuna watu wamekuja wanalia kwa 38 ambayo ni sentimita 3.8.

2. Iweke hiyo namba kwenye mwili wako.

Mwanaume wa futi sita na zaidi mwenye shina la sentimita 3.8 anaweza kuwa hana tatizo lolote. Mama wa sentimita 150 mwenye 3.8 hiyohiyo ni habari nyingine. Umri nao unahesabika, aota inatanuka taratibu kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hiyo muulize daktari hivi: "ukilinganisha na urefu wangu na umri wangu, hii imezidi?" Akisema anagawanya kwa eneo la mwili (linalohesabiwa kwa urefu na uzito), sawa, ila kama una uzito mkubwa mwambie aangalie na urefu pia, maana kilo zikiongezeka eneo la mwili linaongezeka na aota iliyotanuka inaanza kuonekana ya kawaida kwenye hesabu. Hapa ndo wanawake wafupi wanaachwa mara nyingi, namba yao iko chini ya 4 kila mtu anatulia.

Kwa watu wazima, mwongozo wa Marekani wa 2022 unaanza kuita anurizimu kwenye shina na inayopanda ikifika sentimita 4.5, na habari ya opareshini kwa mtu asiye na dalili wala ugonjwa wa kurithi inakuja ikifika 5.5, au 5.0 kama hospitali ina timu yenye uzoefu wa kutosha. Wenye Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ukuta wa aota, wanawahishwa zaidi. Kwa hiyo 4.1 yako haiendi tiyeta kesho, ila haiendi kabatini pia.

3. Uliza ilipimwaje.

Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye utajiri wote. Kata karoti mshazari uone, kipande kinatoka kirefu kama yai wakati karoti ni ileile. Aota ni bomba, mawimbi yakilikata mshazari upana unatoka mkubwa kuliko ukweli. Na yakipita pembeni badala ya katikati unatoka mdogo. Probu iko mkononi mwa mtu, mgonjwa mwingine anapumua haraka, mwingine mnene, mwingine hawezi kulala ubavu wa kushoto, kwa hiyo kukosea mshazari ni kitu cha kila siku na wala si uzembe.

Halafu kuna ukuta. Kwenye eko ya mtu mzima tunapima kuanzia ukingo wa mbele wa ukuta wa kwanza hadi ukingo wa mbele wa ukuta wa pili, moyo ukiwa umelegea mwisho kabisa kabla haujabana. CT wengine wanapima ndani kwa ndani, wengine nje kwa nje. Ukipima wakati moyo umebana aota inakuwa imevimba kidogo kwa presha ya pigo. Kila kimoja hapo kinaweza kuongeza au kupunguza milimita moja, mbili. Vikijumlishana unapata tofauti ya milimita 3 bila mshipa kubadilika hata chembe.

Ndo maana mtu aliyekuwa na 4.1 mwaka jana na 4.3 mwaka huu, mashine tofauti, mpimaji tofauti, mimi simwambii imekua. Namwambia tupime tena kwa njia moja.

4. Hakikisha kilichoonekana ni aota kweli.

Mawimbi ya sauti yana mwangwi. Yakigonga kitu kigumu yanarudi, yanagonga tena, na skrini inachora mstari mahali ambapo hakuna kitu. Kwenye aota inayopanda mstari huo unafanana kabisa na utando wa ukuta uliochanika, na kuna watu wamekimbizwa opareshini duniani huko kifua kikafunguliwa aota ikakutwa nzima. Tunavyoupima: tunawasha kwenye skrini rangi ya mtiririko wa damu. Utando wa kweli unazuia damu, rangi inakatika pale au inaenda kasi tofauti upande huu na ule. Mwangwi damu inaupita kama haupo. Tena mwangwi unatembea sambamba na ule ukuta ulioutoa, wakati utando wa kweli unapeperuka kivyake. Muulize aliyekupima kama aliona mstari kwenye pembe zaidi ya moja, kama ni moja tu basi kipimo kingine kinahitajika kabla ya mtu kutamka neno "kuchanika".

Vingine vinavyojifanya aota ni hivi. Ngiri ya tumbo la chakula iliyopanda kifuani inakaa nyuma ya moyo, karibu na inakopita aota inayoshuka, na kwenye skrini ni duara kubwa jeusi au la kijivu linalotisha. Kuitambua ni rahisi kuliko unavyodhani, mgonjwa anapewa soda anakunywa hapohapo kitandani, viputo vikionekana vinazunguka ndani ya lile duara basi ni tumbo. Kuna pia mshipa unaorudisha damu ya moyo wenyewe, kuna watu waliozaliwa nao mpana, nao unakaa jirani na aota inayoshuka. Na kule juu kwenye upinde, vena kubwa inayopita mbele ya aota ukuta wake unaweza kuonekana kama utando ndani ya aota.

5. Andika pembeni kile ambacho eko haikuona.

Hii ni kwa nyie mlioambiwa "eko haina shida". Eko ya kifuani inaona shina vizuri na mwanzo wa inayopanda. Sehemu ya juu ya inayopanda inategemea kifua chako. Upinde unaonekana tukiweka probu kwenye kishimo cha shingo, na ukweli ni kwamba siku yenye foleni wapimaji wengine hawafiki huko. Inayoshuka tunaona kipande tu nyuma ya moyo. Ya tumboni tunaichungulia chini ya chembe, ukiwa na gesi hatuoni kitu.

Mapafu yenye hewa nyingi, unene, kifua kilichobonyea ndani, vyote vinaziba. Na ubaya ni kwamba wenye Marfan wengi kifua chao kimebonyea au kimetokeza, yaani wale wanaohitaji picha nzuri kuliko wote ndo wanaoipata kwa shida.

Kwa hiyo kama ripoti inasema "aorta normal" na jedwali lina namba ya shina peke yake, maana yake shina liko sawa. Mengine hayajasemwa. Kama valvu ya aota inavuja na hakuna sababu iliyoandikwa, au valvu ina vipande viwili badala ya vitatu, dai sehemu inayopanda ipimwe yote, kwa CT au MRI (picha za sumaku) kama eko haifiki. Valvu ya vipande viwili si kitu adimu, iko kwa mtu mmoja hadi wawili katika kila mia, na aota yao inapenda kutanukia juu zaidi ya shina, palepale eko inapoanza kupata shida.

6. Omba CT ya aota iliyofungwa na ECG.

Maneno hayo "iliyofungwa na ECG" yasisahaulike kwenye fomu. ECG ni kipimo cha umeme wa moyo, na maana yake mashine inapiga picha kwa kufuata pigo la moyo. Bila hivyo shina la aota linacheza kila pigo, picha inatoka na ukingo mara mbili, na ukingo mara mbili nao unafanana na kuchanika. Umetoroka uongo wa eko umeangukia uongo wa CT.

Kabla ya dawa ya rangi, ile inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye picha, utapimwa kreatinini kuangalia figo. Waambie kama uliwahi kupata aleji ya dawa hiyo, kama una mimba, kama unatumia metifomini. Figo zikiwa mbaya usikate tamaa: CT bila rangi inaweza kupima upana, na MRI inaweza pia bila sindano yoyote. Eko ya kumeza, ile ya kuingiza mpira kooni, inaona vizuri sana lakini nayo ina kona isiyoonekana, pale bomba la hewa linapopita mbele yake, juu ya aota inayopanda na mwanzo wa upinde.

Kwa Dar wengi wanaanzia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kampala kuna Uganda Heart Institute Mulago. Kokote uendako chukua CD, tafadhali. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu mbele ya dirisha haipimiki.

7. Weka namba moja ya msingi, kisha linganisha na hiyo tu.

CT ikishatoka, daktari aiweke pembeni ya eko waone zinapishana kwa kiasi gani sehemu ileile. Zikikubaliana ndani ya milimita chache, basi unaweza kufuatiliwa kwa eko huko mbele, nafuu na bila mionzi. Zikipishana sana, ufuatiliaji uwe wa CT au MRI. Kipimo cha pili kwa kawaida ni baada ya miezi 6 hadi 12, kisha daktari anapanga. Kinachomshtua daktari ni kukua milimita 5 ndani ya mwaka mmoja, au milimita 3 kwa mwaka miaka miwili mfululizo, mashine moja, sehemu moja, njia moja ya kupima.

Kipimo cha CT kisomwe kikiwa kimekatwa kukingama bomba, yaani kwa pembe mraba. Ile picha ya kawaida ya CT inayokata mwili kama mkate wa slesi inakata upinde mshazari, turudi kwenye karoti.

8. Wakati unasubiri.

Presha ishuke, lengo la kawaida ni chini ya 130/80, kwa dawa alizokupa daktari na si alizotumia jirani. Sigara acha. Kubeba vitu vizito huku umebana pumzi acha hadi ujue namba yako ya kweli. Kutembea hakuna shida. Na hii watu hawaijui: Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba antibaotiki za kundi la sipro na levofloksasini zinaongeza hatari kwa wenye anurizimu ya aota, zisitumike kwao kama kuna dawa nyingine. Huku kwetu sipro inauzwa dukani kama pipi. Kwa hiyo ukienda kununua dawa ya UTI au ya tumbo sema una tatizo la aota. Ila kama umeandikiwa levofloksasini kwenye dozi ya TB sugu usiiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Wanawake wenye mpango wa mimba, ongeeni na daktari wa moyo kabla. Si baada.

9. Ndugu wa damu.

Flo Hyman alikuwa mchezaji wa voliboli wa Marekani, fedha ya Olimpiki 1984. Alianguka akiwa kwenye mechi Japani Januari 1986 akafa. Uchunguzi wa mwili ndo ulionyesha Marfan, na baada ya hapo ndugu yake wa kiume akapimwa, akakutwa nayo, akafanyiwa opareshini. Kama anurizimu yako imethibitishwa na iko juu kifuani, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe. Kwao eko inatosha kuanzia.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kurudia eko mara tatu kwa wapimaji watatu halafu kuchagua jibu linalopendeza. Ukipata namba tatu tofauti hujapata jibu, umethibitisha kwamba unahitaji CT.

Kuchukua majibu ya eksirei yaliyoandikwa "unfolded aorta" na kuyaita anurizimu. Kwa mzee mwenye presha ya miaka mingi aota inarefuka na kujikunja, eksirei inaonyesha kivuli kipana. Kinahitaji kuangaliwa, hakijathibitisha chochote.

Kuacha dawa za presha kwa sababu CT imesema mshipa uko sawa. Presha ilikuwepo kabla ya eko.

Kwenda kwa mganga wa mitishamba "ayeyushe uvimbe". Hakuna uvimbe wa kuyeyusha, ni ukuta wa bomba uliolegea.

IKIKWAMA

Eko inasema 4.6, CT inasema 4.0. Angalia kwanza kama ni sehemu ileile, shina na inayopanda huwa zinabadilishwa majina kwenye ripoti. Kama ni sehemu moja na CT ilifungwa na ECG, mara nyingi CT ndo inaaminiwa, eko ilikata mshazari.

CT ndo kubwa kuliko eko. Uliza walipima nje kwa nje? Kama ndiyo, wameingiza kuta zote mbili. Kwenye shina uliza pia walipima kutoka mfuko hadi mfuko au mfuko hadi kona ya katikati, shina lina mifuko mitatu halifanani na duara na njia hizo mbili hazitoi namba moja.

CT ya ECG haipo mkoani kwako. Fanya iliyopo kama ni ya haraka, MRI kama ipo, na ripoti iandikwe wazi kwamba haikufungwa na ECG ili msomaji anayefuata asishtuke na ukingo mara mbili.

Bima imekataa CT. Rudi kwa daktari aandike namba ya eko, urefu wako, na sababu hasa, mfano "valvu ya vipande viwili, sehemu ya juu haikuonekana kwa eko". Ombi la "to rule out" (kuhakikisha tu kwamba ugonjwa haupo) peke yake linakataliwa kirahisi.

Ripoti haina namba kabisa. Rudi chumba cha eko na jina lako na tarehe, picha zikiwa bado kwenye mashine zinapimwa bila wewe kulala tena kitandani. Wahi tu, diski ikijaa za zamani zinafutwa.

Daktari anasema "hamna shida" na wewe una 4.2 mkononi. Muulize swali moja: nirudi lini kupima tena? Akikupa tarehe, sawa. Akisema haina haja ya kurudi, tafuta daktari bingwa wa moyo mwingine aisome CD.